Tembo wa Msasani na Ncha za Kromosomu

Mwaka wa 1879 tembo wanne kutoka Bara Hindi waliteremshwa Msasani, karibu na Dar es Salaam, kwa gharama ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Chini ya uongozi wa Frederick Carter walikata Uzaramo, nchi ambayo sehemu yake leo ni Kisarawe na Kibaha, wakielekea Mpwapwa na ziwa Tanganyika. Hawakuletwa kwa fahari. Miaka miwili nyuma wamisionari wa Kiingereza walijaribu kwenda bara kwa magari ya ng'ombe kutoka Saadani, na ng'ombe wao wakaangamizwa na mbung'o. Pasipo mnyama wa kuchukua mizigo, kila pembe na kila jora la nguo lilikuwa juu ya bega la mpagazi. Wengi wa tembo wale walikufa safarini. Carter mwenyewe aliuawa mwaka wa 1880.

Mwuaji wa ng'ombe alionekana mwaka wa 1895, David Bruce alipomkuta katika damu ya wanyama kule Zululand: kijidudu kiitwacho tripanosoma. Basi kwa nini mwili, ambao hushinda maradhi mengi, usimshinde huyu? Jibu limo katika miisho ya kromosomu zake.

Kromosomu ni uzi, na kila ncha yake ina kifuniko, telomea, jina lililotolewa na Hermann Muller mwaka wa 1938. Uzi usio na kifuniko hushikamana na mwingine, seli ikaharibika. Mwaka wa 1984 ilibainika kuwa telomea za tripanosoma ni herufi sita, TTAGGG, zinazorudiwa mara nyingi. Miaka minne baadaye herufi zile zile zikaonekana kwa binadamu. Adui na mwenyeji wamefunga nyuzi zao kwa fundo moja!

Lakini tripanosoma ana hila. Katika damu, jeni la joho lake la protini hufanya kazi likiwa jirani na telomea tu, tena moja kwa wakati mmoja. Akiba yake hupita elfu, nyingi zikiwa vipande vibovu anavyoviunga kama fundi cherehani ashonaye viraka. Mwili ukilitambua joho na kuwaua walio nalo, wachache waliokwisha kubadili huzaana, na homa hurudi. (Ng'ombe, kwa kweli, huuawa zaidi na jamaa zake, kongolense na vivaksi, nao hubadili majoho vilevile.)

Hata sasa chanjo hakuna. Mfugaji hutegemea dawa, na vitambaa vya buluu na vyeusi vilivyotiwa sumu, ambavyo mbung'o huviendea akidhani ni mnyama.