Kukonda: Neno na Hukumu Yake

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya mwili unaopukutika kwa maradhi. Mtu hukonda, hudhoofu, husinyaa, hukongoroka, mpaka akaitwa gofu, kwa jina lile lile la nyumba kongwe iliyobaki kuta. Washairi nao wamewakondesha wapenzi kwa huba tangu kale, na hapana aliyewakimbia. Maneno yote hayo hueleza lionekanalo kwa jicho, sababu hayaitaji.

Wayunani nao walianzia hapo. Waganga wa zama za Hippocrates waliita maradhi ya mapafu fthisisi, maana yake kupukutika. Na mwili uliochakaa wakauita kakeksia, yaani hali mbaya tu. Mnamo tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, Robert Koch alitangaza kwamba amekiona kijidudu cha maradhi yale ya mapafu. Tangu hapo tabibu akatafuta chanzo, asitosheke na umbo la mgonjwa. Sisi tukasema kifua kikuu, tukayataja kwa makazi yake.

Karne moja baadaye, jicho likarejea kazini. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera, na wenyeji wakayaita maradhi yale Juliana, jina la kitambaa kilichopendwa wakati ule. Ng'ambo ya mpaka, Uganda, yakaitwa silimu, kutokana na neno la Kiingereza la wembamba. Na mwaka 1985 madaktari wakaliandika jina hilo katika jarida la Lancet. Basi kukonda kukawa hukumu. Mwenye saratani, mwenye kisukari, mwenye moyo mbovu, wote wakasomwa mashavu na kunong'onwa vibarazani.

Ilhali tabibu wa leo akisema kakeksia, hasemi njaa wala hamtuhumu mtu. Mwaka 2011 mabingwa wa saratani walikubaliana kwamba ni kupotea kwa misuli ambako lishe ya kawaida peke yake haiwezi kukurudisha kikamilifu. Maradhi yenyewe ndiyo yanayoula mwili. Kwa hiyo anayemkaripia mgonjwa kwa kuacha uji, au kumlaumu mkewe kwa kutompikia, huongeza dhuluma juu ya ugonjwa.

Sisi wapenzi wa lugha tuna deni hapa. Kukonda na kurudi kuwa habari, kusiwe hukumu. Tukimwona mwenzetu amepungua, tumjulie hali. Jina la maradhi, akitaka, atalitaja mwenyewe.