Mdudu Aliyekosewa Jina

Wahenga walisema, usilolijua ni kama usiku wa giza. Maneno haya yangefaa kubandikwa mlangoni pa kila ofisi ya kilimo, kwani kuna mdudu mmoja aliyeitesa Kenya miaka kumi na mitano, na sababu kubwa ni kwamba watu walimkosea jina.

Mnamo mwaka 1923 kidung'ata alionekana katika kahawa ya Thika. Ni mdudu mdogo, mlaini, mweupe kana kwamba amepakwa unga. Hufyonza maji ya mti, kisha hutoa utomvu mtamu. Utomvu huo huotesha ukungu mweusi majanini, na sisimizi huupenda hata wakamlinda mdudu kama mfugaji anavyolinda ng'ombe wake.

Masetla walilia kwa sauti, maana kahawa ilikuwa mali yao. Lakini mdudu hana ubaguzi. Alivuka ua akaingia mashamba ya Wakikuyu, ambao wakati ule hawakuruhusiwa kulima kahawa, akashika viazi vikuu na mbaazi. Setla alipoteza faida. Mama wa Kikuyu alipoteza chakula cha watoto. Nani aliumia zaidi? Jibu unalo, ndugu msomaji.

Wataalamu wakamtazama, wakasema: huyu ni kidung'ata wa machungwa. Baadaye wakasema: la, ni yule wa Asia. Kosa likazaa kosa. Ukitaka wadudu wanaomla adui yako, sharti uende kwao adui huyo. Basi wakatafuta nchi za mbali, wakaleta wadudu, wakawafungulia mashambani. Wapi! Wageni wale hawakumuweza. Wakulima wakabaki kupaka grisi mashina ya mibuni ili sisimizi wasipande.

Mwaka 1935, R. H. Le Pelley, mtaalamu wa wadudu nchini Kenya, alionyesha kuwa mdudu huyu si wa machungwa wala si wa Asia. Ni aina ya peke yake, ambayo ilikuwa haijapewa jina. Akamwita kenyae, yaani wa Kenya. Hata hapo pana kichekesho, kwani kwao halisi hakukuwa Kenya. Kulikuwa hapo jirani tu, Uganda. Kule hakusumbua sana, kwa sababu nyigu wadogo mno walimtagia mayai mwilini, na watoto wao wakamla toka ndani.

Mwaka 1938 nyigu hao waliletwa Kenya, na kidung'ata akanywea. Ilikadiriwa kuwa kufikia 1959 paundi milioni 10 zilikuwa zimeokolewa, kwa gharama isiyozidi paundi 30,000.

Tusidhani hayo ni ya kale tu. Mwaka 2016 kiwavijeshi vamizi toka Amerika aligunduliwa Afrika, naye hufanana na viwavijeshi wetu wa zamani. Kwa hiyo, kabla ya kukimbilia dukani kununua dawa, hebu tuulize kwanza: huyu ni nani, na kwao wapi? Dawa ilikuwa ng'ambo ya mpaka tu, nasi tukaifuata ng'ambo ya bahari.