Ampu ya Baba Mdogo na Umeme wa Nchi Mbili

Kwenye kipindi kilichopita niligusia habari ya ampu ya gita niliyomtumia baba mdogo Dar es Salaam, na wengi mkaniuliza ikawaje. Jibu fupi: niliiunguza, tena nikiwa nimekaa zangu Minnesota. Jibu refu linaanzia mwaka 1882, kwa hiyo vuta kiti.

Baba mdogo anapiga gita la solo kwenye bendi moja Temeke. Harusi ndizo zinazomlisha. Nilipata ampu ya valvu, mtumba lakini nzima, nikaiweka kwenye kontena la jamaa zetu. Ilipofika nikamwambia kwa simu, "Bamdogo, tofauti ni plagi tu. Nunua adapta, chomeka." Akanunua, akachomeka. Jioni ile nikapata ujumbe wa sauti: "Mwanangu, imevuma mara moja, halafu moshi. Na keshokutwa nina harusi Mbagala." Hakunilaumu. Bora angenilaumu.

Ndipo nikaanza kusoma: kwa nini ukuta wa kwetu huku na ukuta wa kwake haufanani?

Tarehe 4 Septemba 1882, kampuni ya Thomas Edison iliwasha kituo cha Pearl Street, New York. Taa zake za nyuzi za kaboni zilifanya kazi vizuri kwenye volti 100 hivi. Wakaongeza kidogo kufidia kinachopotea njiani kwenye nyaya, ikawa kama 110. Baadaye Marekani ikahamia umeme wa mkondo geu, lakini nyumba zilikuwa zimeshajaa vifaa vya volti zilezile. Nani angevitupa? Namba ikapanda polepole, leo ni volti 120, hetsi 60.

Berlin walipiga hesabu nyingine. Kuanzia mwaka 1899 shirika la umeme la mji huo likahamia volti 220. Ukizidisha volti mara mbili, kwa kazi ileile unahitaji nusu ya mkondo, na umeme unaopotea kwenye waya uleule unashuka hadi robo. Shaba ni ghali, kwa hiyo sehemu kubwa ya Ulaya ikafuata njia hiyo. Uingereza nayo, baada ya miaka mingi ya kila mji kuwa na volti zake, ikatulia kwenye 240 na hetsi 50.

Sasa Dar. Umeme wa kwanza wa umma uliletwa na Wajerumani mwaka 1908, kwa ajili ya karakana za reli na sehemu ya mji walikokaa wakoloni. Waingereza wakachukua, wakaunda idara ya umeme ya serikali mwaka 1920. Mwaka 1931 kazi ikapewa makampuni binafsi, TANESCO na DARESCO. Tanganyika ilipojitawala, nyaya zilikuwa zimeshatandazwa kwa vipimo vya Ulaya, na plagi ya pini tatu ni ileile ya Waingereza. Leo ni volti 230, hetsi 50. Yaani kilichoiunguza ampu ya bamdogo kiliamuliwa na watu wa New York, Berlin na London, wala hakuna mtu wa Temeke aliyeulizwa.

Adapta haijui historia hiyo. Inabadilisha umbo la pini, basi. Volti zinapita vilevile. Ampu ya 120 ikipewa 230, kila kitu ndani kinapata karibu mara mbili, na sehemu zinazotoa joto zinaweza kuchemka karibu mara nne. Kwa kawaida fyuzi hukatika mapema ikaokoa vingine. Ya kwetu haikukatika. Aliyekuwa nayo kabla yangu alikuwa ameweka fyuzi kubwa kuliko inayotakiwa, nami sikuwahi hata kuitazama.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayefunga mzigo wa kwenda nyumbani, soma kwanza maandishi ya nyuma ya ampu. Nyingine zina swichi ya kuchagua volti. Ukiibadilisha, badilisha na fyuzi kama kibao kinavyosema. Kama imeandikwa 120 tu, inahitaji transfoma ya kushusha umeme. Ukubwa wake usiupime kwa wati za spika. Ampu yetu ilikuwa ya wati 40, lakini nyuma iliandikwa inakula 180. Chukua transfoma yenye uwezo wa mara mbili ya hiyo, na iwe na waya wa ethi unaofika mpaka kwenye ampu. Pini ya ethi usiikate kamwe, maana mpiga gita ameshika nyuzi za chuma. Angalia pia hetsi: transfoma haibadilishi hetsi, na kifaa cha 60 peke yake kinaweza kuchemka zaidi kwenye 50. Na usiifungue mwenyewe, hata ukiwa umeichomoa. Kapasita zake hukaa na umeme wa kuua mtu.

Harusi ya Mbagala bamdogo alipiga kwa ampu ya kuazima, na nusu ya malipo yake ikaenda kwa mwenye ampu. Fedha hiyo nilimrudishia. Fundi mmoja wa Kariakoo aliitoa transfoma ya ndani iliyoungua, akaisuka upya kwa ajili ya volti 230 na hetsi 50, akabadilisha kapasita na kuweka fyuzi inayostahili. Ilichukua wiki tatu.

Juzi bamdogo kanitumia picha ya mgongo wa ampu. Ile 120 imekwanguliwa, na juu yake pameandikwa kwa maka nyeusi: 230. Chini yake kaandika ujumbe: "Sasa hii haiwezi kurudi tena Marekani."