Gamba, Chokaa na Magadi: Juu ya Jina la Badiliko la Bahari katika Delta ya Rufiji

Historia ya magamba ya baharini katika pwani yetu imezoea kuandikwa ama kama historia ya biashara ama kama historia ya majengo. Kitabu cha mabaharia kiitwacho Periplus, kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya kwanza, chataja kuwa bandari ya Rhapta ilitoa pembe za ndovu, pembe za kifaru, magamba ya kasa na kiasi kidogo cha makombe ya nautilo. Wataalamu wamebishana sana juu ya mahali pa Rhapta. Profesa Felix Chami, aliyechimbua mabaki ya kale katika nchi ya Rufiji, ameshikilia kwamba yapasa kutafutwa karibu na delta ya mto huo. Karne nyingi baadaye, katika karne ya 19, wafanyabiashara wa Hamburg walipakia kauri za Unguja merikebuni na kuzipeleka Afrika ya Magharibi, ambako zilitumika kama fedha. Ama kwa upande wa ujenzi, yatosha kutaja Husuni Kubwa ya Kilwa, ya karne ya 14, ambayo mawe yake ya matumbawe yaliunganishwa kwa chokaa.

Makala haya yanashughulikia upande wa tatu wa historia hiyo, yaani gamba kama kitu kinachotegemea hali ya maji yenyewe. Hali hiyo sasa inabadilika, na Kiswahili hakijapata jina linalolitosha badiliko hilo. Neno litakalomfaa msomi wa Dar es Salaam lapaswa kumfaa pia mkulima wa Mtunda, katika wilaya ya Kibiti, na mvuvi wa Salale aliye ndani ya delta.

Tuanze na historia ya istilahi za wenzetu, kwani nazo ni changa. Neno planktoni lilitungwa na Mjerumani Victor Hensen katika mwaka wa 1887, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kutangatanga. Akakusudia viumbe wadogo wachukuliwao na maji popote yaendapo. Miongoni mwao wamo wajengao magamba ya chokaa: foraminifera, kokolithofori, na konokono wadogo waogeleao waitwao pteropodi. Meli ya Kiingereza Challenger, iliyosafiri baina ya 1872 na 1876, ilizoa matope ya vilindi na kuonyesha kuwa sehemu kubwa ya sakafu ya bahari imefunikwa na magamba ya viumbe hao. Meli ya Kijerumani Valdivia, chini ya Carl Chun, iliendeleza uchunguzi wa vilindi katika bahari yetu, nayo ilifika Dar es Salaam katika mwaka wa 1899. Kipimo cha pH kilibuniwa na Søren Sørensen huko Copenhagen katika 1909. Na jina la Kiingereza la badiliko lenyewe, ambalo kwa tafsiri ya moja kwa moja ni "kutiwa tindikali kwa bahari", lilianza kuenea baada ya makala ya Ken Caldeira na Michael Wickett ya 2003.

Jambo lenyewe ni hili. Kabla ya enzi ya viwanda hewa ilikuwa na yapata sehemu 280 za kaboni dioksidi katika kila sehemu milioni. Siku hizi zimepita 420. Bahari hufyonza karibu robo ya gesi hiyo itolewayo na wanadamu kila mwaka. Ikiyeyuka majini, huzaa asidi nyepesi, na asidi hiyo huungana na kaboneti iliyomo baharini. Kaboneti ndiyo kiumbe aichukuayo, pamoja na kalisi, kujengea gamba lake; ikipungua, ujenzi huwa mgumu, na ikizidi kupungua, gamba lililokwisha kujengwa huanza kuyeyuka. Wastani wa pH juu ya bahari umeshuka kutoka 8.2 hivi hadi 8.1. Tofauti yaonekana ndogo, lakini kwa namna kipimo kilivyopangwa maana yake ni ongezeko la zaidi ya robo la chembe za asidi. Katika 2005 James Orr na wenzake walieleza jinsi gamba la pteropodi lilivyoanza kuliwa ndani ya saa 48 katika maji yaliyofanywa kuwa kama yanayotarajiwa kusini mwa dunia mwishoni mwa karne hii.

Sasa tulitazame jina. "Tindikali" lina kasoro mbili. Kwanza, kwa watu wengi ni kile kimiminika cha betri, kiunguzacho ngozi. Aambiwaye kuwa bahari ina tindikali ataogopa kuoga au kula samaki, na akioga asiungue atasema kuwa wataalamu wamemdanganya. Pili, maji yenye pH ya 8.1 hayajawa asidi hata kidogo. Wengine watapendelea "kuchacha", kama maziwa na tui vinavyochacha. Lakini neno hilo limekwisha kuchukuliwa baharini: bahari iliyochacha ni bahari iliyochafuka kwa mawimbi.

Lipo neno la tatu, nalo ni "magadi". Mpishi wa maharage analijua, na ajua pia kuwa ndimu ikikamuliwa juu ya magadi hutoa povu, na magadi hupungua nguvu. Tena magadi yenyewe ni chumvi ya kaboneti. Basi mfano huo haukupotoka mbali na kemia. Kusema kwamba "bahari inapungukiwa na magadi" ni kusema kitu kilicho karibu sana na kweli, bila ya kumtisha mtu. Naam, magadi ya jikoni ni ya sodiamu, na mwanakemia ana haki ya kudai neno kali zaidi katika maabara. Lakini istilahi ya maabara na jina la kufundishia si lazima ziwe moja.

Delta ya Rufiji ndiyo mahali panapofaa kulijaribia jina hilo. Maji ya joto ya pwani yetu yangali na kaboneti nyingi kuliko ya nchi za baridi. Lakini penye mlango wa mto, maji baridi huipunguza kaboneti ya bahari. Zaidi ya hayo, tope la mikoko likikauka baada ya miti kukatwa kwa ajili ya mpunga, kama ilivyotendeka hasa kaskazini mwa delta, laweza kuzaa asidi lenyewe. Kwa hiyo wajengao magamba, tangu planktoni hadi chaza na kaa, wakabiliwa na badiliko hilo kutoka angani na kutoka nchi kavu.

Mkulima wa Mtunda hawezi kuizuia mioshi ya viwanda vya ng'ambo. Lakini shauri la mkoko ukatwe au usikatwe humfikia yeye na jirani zake, nalo huzungumzwa kwa Kiswahili. Hapana budi basi jina atakalopewa liwe lile atakaloweza kulitumia katika shauri hilo, na wajibu wa kulitafuta ni wetu tulio katika kazi ya lugha.