Tarehe ya Tiatr

Tiatr, mchezo wa jukwaani wa Wagoa wanaosema Kikonkani, haikuzaliwa Goa. Ilizaliwa Bombay, mji walioukimbilia kutafuta riziki wakati Wareno wangali wanaitawala nchi yao. Mabaharia, wapishi na mafundi cherehani walifikia katika kudd, nyumba ya pamoja ya watu wa kijiji kimoja, nyingi zikiwa mtaa wa Dhobi Talao: kila mtu na sanduku lake, na madhabahu moja ya wote.

Lucasinho Ribeiro wa Assagao aliajiriwa na kampuni ya opera ya Waitaliano iliyokuwa ikizunguka India. Walipoondoka akanunua mavazi yao, akakusanya wenzake, na Jumapili ya Pasaka, 17 Aprili 1892, wakaonyesha “Italian Bhurgo” kwa Kikonkani. Miongoni mwao alikuwamo João Agostinho Fernandes, kijana wa miaka 20 kutoka Borda, Margao. Ribeiro ndiye aliyeanzisha, lakini jina la baba wa fani, Pai Tiatrist, alipewa Fernandes. Naona walimtendea haki. Mwenzake aliazima hadithi ya Waitaliano; yeye alikuja kuandika za nyumbani.

Mwaka 1904 akatoa “Batcara”, mchezo unaomsema mwenye ardhi anayewanyanyasa wanyonge wanaokaa kwenye shamba lake. Hadi hapo nafasi za kike zilichezwa na wanaume waliovaa magauni. Fernandes akampandisha jukwaani mkewe, Regina, mwanamke wa kwanza katika tiatr. Wakati ule mwanamke wa jukwaani alihesabiwa kuwa hana heshima, na mume ndiye angechekwa kwanza. Sifa ya jambo hili hupewa Fernandes, ilhali macho ya ukumbi mzima yalimwangukia Regina.

Njia waliyoifungua wawili hao ikapitwa na wengi, waimbaji zaidi hata ya waigizaji, kwani uti wa mgongo wa tiatr ni wimbo. Sehemu moja ya mchezo ikiisha pazia hufungwa, mafundi wakabadilisha mandhari nyuma yake. Tarumbeta na saksafoni hulia mbele ya jukwaa, na mwimbaji hutoka kusimama mbele ya pazia. Anachoimba si lazima kihusiane na hadithi: leo mwanasiasa aliyehama chama, kesho mkwe na mavyaa. Watu wakishangilia na kupiga miluzi, hurudi na beti alizoziweka akiba. Aliyezoea mipasho ya taarab angeelewa mara moja kwa nini ukumbi unacheka kabla jina halijatajwa.

Nguvu ya nyimbo hizo ilionekana baada ya India kuitwaa Goa mwaka 1961. Wananchi walipotakiwa kuamua, 16 Januari 1967, kama Goa imezwe na jimbo la Maharashtra, waimbaji wa tiatr walikuwa wamekwisha kuipeleka hoja ya kukataa vijijini, kwa watu wasiosoma magazeti. Kura 172,191 zilikataa, 138,170 zilikubali.

Miaka 20 baadaye Kikonkani kikawa lugha rasmi ya Goa, ila sheria ilitaja maandishi ya Devanagari peke yake. Tiatr imeandikwa kwa herufi za Kilatini tangu siku za Ribeiro, na mabishano juu ya herufi hizo yanaendelea.