Pleibeki

Pleibeki ni muziki uliorekodiwa unaofunguliwa ukumbini huku msanii akiimba juu yake, au akichezesha midomo tu. Nchini Tanzania ilienea pamoja na Bongo Fleva tangu miaka ya 1990. Msanii asiye na bendi humkabidhi DJ biti yake, hupanda jukwaani na maikrofoni, na gharama ya kusafirisha wapigaji na vyombo huondoka.

Kabla ya hapo, mji wa Tabora ulizoea mengine. Bendi zake, Kiko Kids ya Salum Zahoro, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz aliyokuwamo Shem Karenga zilipiga magitaa mbele ya wacheza dansi. Mpiga solo akiteleza, ukumbi mzima ulisikia.

Biti yenyewe si kosa. Anayeimba kwa sauti yake juu ya ala zilizorekodiwa bado anafanya kazi. Udanganyifu huanza pale ubeti unaposikika barabara naye anahema, maikrofoni ikiwa kiunoni. Waimbaji wawili wa kundi la pop la Milli Vanilli walivuka hata hapo: sauti za kwenye albamu hazikuwa zao, na mwaka 1990 walinyang'anywa tuzo ya Grammy.

Sauti za Busara, tamasha lililoanza Zanzibar mwaka 2004, limejijengea jina kwa kutaka muziki upigwe laivu.