Wolframu ya Kivu na mwendo wa kisu kinachokata chuma

Watu wa Miti, kwenye njia panda ambapo barabara ya Bunyakiri na Walikale inaachana na ile ya Bukavu–Goma, wanaijua wolframu kama mawe ya kuchimbwa na kuuzwa kwa kilo. Kazi yake huko inakopelekwa haisemwi sana. Historia yake iko kwenye mashine za kuchonga chuma.

Fundi anayechonga ekseli ya kinu cha unga huzidisha namba 3: mwendo wa chuma kinachopita mbele ya kisu, hatua ambayo kisu kinasogea kila mzunguko, na kina cha mkato. Jibu ni kiasi cha chuma kinachotoka kwa dakika. Tuseme mwendo ni mita 10 kwa dakika, hatua milimita 0,2, kina milimita 2: zinatoka sentimita za ujazo 4. Kama inabidi ziondolewe 480, kazi ni saa 2.

Zamani fundi hakuweza kuongeza mwendo sana, kwa sababu kisu kikipata moto kililegea. Mwaka 1880, Mmarekani Frederick Taylor alianza kujaribu visu katika kiwanda cha Midvale, Philadelphia. Majaribio yalichukua miaka 26 na kuchonga zaidi ya tani 350 za chuma. Mwaka 1900, huko Paris, ikaonyeshwa kazi yake na Maunsel White: kisu chenye wolframu, kinachokata hata kikiwa chekundu kwa moto. Mita 10 zikiwa 30, saa 2 zinakuwa dakika 40.

Mwaka 1923, Mjerumani Karl Schröter akaunganisha unga wa wolframu na kaboni kwa kutumia kobalti. Visu vya namna hiyo vinavuka mita 100 kwa dakika. Kwa mita 120, ekseli ile inachukua dakika 10.

Wolframu inachimbwa Kivu na Maniema, kobalti Katanga. Mawe yanaondoka kwa tani. Visu vinarudi kuuzwa kimoja kimoja.

Lakini hesabu hainunuliwi. Kijana aliyekimbia vita na kuacha masomo njiani anaweza kuijifunza kwa kalamu na karatasi. Akiijua, atamwambia mwenye kinu mapema kazi itachukua muda gani, na wote wawili wataelewana bei bila kubahatisha.